Cheti cha Uyatima

Haya hayakutokea zamani, wala hayakutokea hapa kwetu. Yalitokea nchi nyingine, mbali kidogo, juzijuzi tu. Watu wa nchi ile ni watu wema, wanaipenda serikali yao na kila asubuhi wanaiombea iamke vizuri. Mimi nasimulia kama nilivyosikia. Atakayeona mambo haya yanafanana na ya kwao, hayo ni yeye na macho yake.

Basi katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja, Mrisho Pazi, mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye mvi za kutosha. Alikuwa karani wa malalamiko katika Mamlaka ya Maji. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wananchi mtandaoni na kuyajibu: Linashughulikiwa. Mkewe alishafariki, baba yake alishafariki, akabaki na mama yake, Bi Chausiku, mwanamke mwembamba aliyekula chumvi nyingi na mwenye ulimi usiojua kupumzika. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Zamda, aliyeolewa huko ng'ambo kwenye nchi za baridi.

Zamda alikuwa na mimba. Mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hapo, hii ya tatu imeshika, na pale nyumbani hakukuwa na jambo jingine la kuzungumza. Kila Jumapili alasiri Mrisho aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, yeye na mama yake wakakaa mkekani, Zamda akatokea kwenye kioo, na Bi Chausiku akaanza amri zake. "Simama. Geuka nikuone ubavuni. Mh! Wa kike huyo. Na hayo mabarafu usiyakanyage bila soksi, unanisikia?" Mrisho alikaa akitabasamu. Kwa kweli hiyo ndiyo saa pekee ya wiki aliyojisikia yu hai.

Kisha serikali ikaamua kuwalinda watoto.

*

Ilianza kwa nia njema, maana katika nchi ile hakuna kitu kinachoanza kwa nia mbaya. Waziri wa Malezi na Mitandao, Mheshimiwa Dokta Shebughe, alisimama bungeni akasema watoto wanaharibika. Mjukuu wake mwenyewe, alisema, alimuuliza swali ambalo yeye waziri hakujua jibu lake, na alipochunguza akagundua kwamba mtoto jibu analo, kalitoa mtandaoni. "Waheshimiwa," akasema, sauti ikitetemeka, "tunakwenda wapi?" Wabunge wakapiga meza.

Ikaletwa Sheria ya Kumlinda Mtoto. Ilikuwa na kifungu kimoja: Mtoto hataingia mtandaoni isipokuwa mzazi wake yuko ubavuni. Hapo tatizo likawa mtoto ni nani. Mbunge mmoja akasema ni aliye chini ya miaka kumi na minane. Mwenzake akaruka juu, akasema kwake binti wa kumi na mitano anaolewa, sasa mke wa mtu utamwitaje mtoto? Wa tatu akataka iwe kumi na mitatu. Wa nne akataka iwe thelathini, kwa kuwa yeye ana kijana wa miaka ishirini na tisa na bado anamlipia kinyozi. Wakabishana mpaka harufu ya pilau ikaingia ukumbini. Spika akaona jambo linakuwa refu. "Waheshimiwa," akasema, "mtoto kila mtu anamjua akimwona." Sheria ikapita bila umri, na wakaenda kula.

Kampuni za simu zikapata shida, kwa sababu zenyewe haziwaoni watu. Zikaenda mahakamani kuuliza. Majaji watatu wakafungua kamusi, kamusi ikasema mtoto ni mtu aliyezaliwa na mtu. Jaji Mkuu akavua miwani akawaza. Akawakumbusha wenzake kwamba katika nchi yao ukikutana na mtu usiyemjua humuulizi ana miaka mingapi, unamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" na aliyeulizwa hujibu, awe na meno au hana. Kwa hiyo mahakama ikatamka: mtoto ni kila mtu ambaye mzazi wake yu hai. Mzazi akifa utoto unakoma, kwa kuwa marehemu hawezi kumiliki kitu. Hukumu iliandikwa kwa Kiswahili kitamu sana, hata walioumizwa nayo waliisifu.

Kesho yake asubuhi nchi ilizimika. Rubani, daktari, meneja wa benki mwenye kitambi chake, kila aliyewasha kompyuta aliandikiwa maneno yaleyale: Mwanangu, mama yuko wapi? Waliobaki na mtandao ni wale wasio na baba wala mama, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa pale kwenye kituo cha yatima cha jiji. Hao walikuwa na miaka saba, minane, tisa, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza wanatazama nini. Benki Kuu ikawapelekea gari lenye kiyoyozi liwalete kazini.

Waandishi wa habari walimuuliza Waziri kama pengine kuna mahali pamekosewa. Akawatazama kwa huruma. "Serikali haikosei," akasema. "Serikali inalea."

*

Mamlaka ya Maji ikatoa tangazo: kila mfanyakazi aje na mzazi. Jumatatu ile ofisi ilinukia karafuu na dawa ya kuchua. Viti havikutosha, kina mama wakaja na mikeka yao. Huyu anachagua mchele, yule anasuka ukili, na kila mmoja jicho lake moja liko kwenye kompyuta ya mwanawe. Bi Chausiku alikaa ubavuni mwa Mrisho, akamtaka amsomee anachofanya, maana miaka yote hiyo alikuwa akisikia tu kwamba mwanawe ana kazi serikalini.

"Watu wa Bondeni hawana maji tangu mwezi wa mfungo," Mrisho akasoma.

"Na wewe umewajibu nini?"

"Linashughulikiwa."

"Nani analishughulikia?"

Mrisho akafikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Linashughulikiwa tu, mama. Ndivyo linavyoandikwa."

"Mrisho! Hivi mimi nilizaa nini? Nyanyuka ukamwite fundi!"

Akanyanyuka. Na kote ofisini ilikuwa hivyohivyo. Mkurugenzi alikuwa akifungua maombi ya zabuni, mama yake akamuuliza huyu ndugu yake mwenye kampuni ya mabomba ni ndugu yupi, mbona yeye hakumbuki kumzaa. Mkurugenzi akasema ana kikao. "Kaa chini," mama akamwambia, "kikao ndicho hiki." Haukupita mwezi, maji yakaanza kutoka kwenye mitaa ambayo watu walishayageuza mabomba kuwa ya kuanikia nguo. Wengine walishtuka wakakimbia.

Serikali nayo ikashtuka. Waziri akalihutubia taifa redioni. "Ndugu wananchi," akasema, "imebainika pasi na shaka kwamba wapo wazazi wanaoutumia vibaya uzazi wao. Wanachungulia! Wanauliza! Wanataka kujua kitu kilikwenda wapi! Hii si mila yetu." Ikatolewa kanuni ya nyongeza: mtu aliyevuka miaka sitini na mitano ni marufuku kushika mtandao, kukaa ubavuni mwa mtandao, au kuonekana kwenye kioo cha simu, kwa sababu mzee ni sawa na mtoto na watoto wameshakatazwa. Kanuni haikuwahusu viongozi, ambao kwa mujibu wa katiba hawazeeki.

Sasa hebu jiweke mahali pa Mrisho. Bila mama yake ubavuni haruhusiwi, na mama yake ubavuni haruhusiwi. Simu za kawaida za nje zilishafutwa siku nyingi, na posta ilishageuzwa ukumbi wa harusi. Ikabaki njia moja, nayo serikali kwa ukarimu wake ikaifungua: Cheti cha Uyatima. Ukiwa nacho, wewe ni mtu mzima.

Kwa lugha ya wizara jambo hilo liliitwa kumpumzisha mzazi kimfumo. Mitaani likaitwa kumzima. "Vipi, mama umeshamzima?" watu walisalimiana, na aliyejibu, "Bado," alichekwa kwamba ananyonya. Matangazo ya kazi yakaandika, awe yatima mwenye uzoefu. Waziri alikuwa wa kwanza kumzima mama yake. Bendera zilishushwa, na yule bibi, ambaye alikuwa shambani anang'oa mihogo, akatuma mtu mjini kuuliza nani amekufa ili naye aje azike.

*

Miezi ya Zamda ilikuwa imetimia na kupita, na hawakujua lolote. Mrisho aliishika simu, ikamwandikia, Mwanangu, mama yuko wapi? Mama alikuwa palepale mbele yake, anamenya vitunguu.

"Atakuwa ameshajifungua," Bi Chausiku akasema. "Au..." Hakumalizia. Akamenya kitunguu kingine, kisha akaweka kisu chini. "Nizime."

"Nini, mama?"

"Usijifanye kiziwi. Nizime, mwanangu. Sijui mtoto yu hai, sijui hayupo. Sijui hata yule mama yake kama katoka salama. Nikifa kwenye mashine yao, kwani tumbo litaacha kuona njaa? Mimi nataka kukiona kitukuu changu. Basi."

Mrisho alijua hapo alitakiwa kulia, au kukataa, au angalau kusema, mama usiseme hivyo. Alijitafuta moyoni asikute kitu. Siku zile ndivyo alivyokuwa. Tangu Jumapili zilipokatwa alikuwa anakula bila kusikia ladha, anatembea, anavaa viatu, analala, na mambo yote yanatokea kwa mtu mwingine anayefanana naye. "Haya, mama," akasema, akaenda kuandikisha msiba.

Wizara ilikuwa makini. Kifo hakikukubaliwa mpaka matanga yafanyike, na Afisa Msiba aje, ashuhudie, ale. Alhamisi akaja, kijana nadhifu aitwaye Hamduni, na kishikwambi chake kwapani. Alikuwa amelelewa vizuri. Alipoingia uani alimkuta Bi Chausiku ameinamia sufuria, kwa kuwa alikataa katakata watu wengine wampikie matanga yake wakaunguza wali.

"Shikamoo, marehemu," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekula?"

"Bado, bibi. Nimetoka kwenye misiba miwili, yote chai kavu."

Majirani wakafika. Walikuwa wameshazoea, wakaingia wanalia, wakakaa, wakanyamaza. Bi Tabu wa nyumba ya pili alilia vizuri kuliko wote, akajigaragaza, mpaka Bi Chausiku akamwambia, "Shoga, basi, utachafua kanga," naye akanyanyuka akaomba achotewe ukoko. Watu walikula. Wakamsifu marehemu kwa wali wake, na marehemu akasema ni nazi tu ilikuwa nzuri. Hakuna aliyecheka. Mwanzoni mwa sheria ile watu walicheka sana kwenye matanga kama hayo, lakini kicheko nacho kinachoka.

Hamduni akanawa mikono, akamwelekezea Mrisho kishikwambi mdomoni. "Mfiwa, tamka."

"Mama yangu amefariki."

"Sauti zaidi, mashine haijasikia. Sema na jina."

"Mama yangu, Chausiku binti Mlekwa, amefariki."

"Tena mara moja, hapa kuna mtu ametafuna."

Mrisho akatamka tena. Kishikwambi kikalia, kikawaka kijani. Hamduni akampa mkono wa pole na wa pongezi kwa pamoja, kisha akasoma masharti. Marehemu asionekane kwenye kioo. Marehemu asisikike. Miezi ya mwanzo simu zote za yatima mpya zitasikilizwa, kwa kuwa yatima wapya hawana uzoefu. Marehemu akisikika, hilo ni kosa la kufufuka bila kibali: miaka saba kwa aliyefufuka, kumi kwa aliyemfufua. Na mtandao unafungwa milele.

"Na nikija kufa kweli?" Bi Chausiku akauliza.

Kijana akafikiri sana, maana alikuwa mwaminifu kwa kazi yake. "Hapo itabidi mwanao akate rufaa, bibi. Kufa mara mbili utaratibu hauruhusu."

*

Jumapili alasiri simu ilifunguka. Ikaandika, Hongera, sasa wewe ni mtu mzima. Sauti ya mwanamke mpole ikasema mazungumzo haya yanasikilizwa kwa faida yako. Mrisho aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Bi Chausiku alikuwa ameoga, amejitanda kanga mpya, amekaa ukutani ng'ambo ya pili ya mkeka, nyuma ya simu, mahali ambapo jicho la simu halifiki.

Hapo ndipo wote wawili walipogundua. Jicho la simu na kioo cha simu viko upande mmoja. Mahali asipoonekana ndipo na yeye haoni. Bi Chausiku alikuwa ametazamana na mgongo wa simu, na mgongo wa simu ni mweusi, una mkwaruzo mmoja. Akainua shingo, akaipeleka huku na huku, akaishusha. Wakati huo simu ilikuwa inaita.

Zamda akatokea. Alikuwa amekonda, nywele hazijachanwa, na kifuani kuna kitu kidogo kimefungwa kwenye blanketi.

"Baba! Baba, jamani! Nilidhani mmekufa!"

"Nipo," Mrisho akasema. "Nipo, mwanangu."

"Muone! Wa kike, kama Bibi alivyosema. Ana wiki sita. Mzima, baba, mzima kabisa, analia huyo utadhani analipwa!" Zamda alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Bibi yuko wapi? Mwite aje amuone. Bibi! Wewe Bibi!"

Kwenye simu kulisikika mtu anavuta pumzi, mtu ambaye hakuwa Zamda. Yule msikilizaji wa wizara alikuwa amesogea karibu.

"Bibi yako amefariki," Mrisho akasema.

Zamda kikamtoka kilio, kilio cha mtu aliye peke yake kwenye nchi ya watu, na mtoto naye akaanza kulia. Nyuma ya simu Bi Chausiku alikuwa ameisokomeza ncha ya kanga mdomoni. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Lini, baba? Aliumwa?"

"Alhamisi. Hakuumwa."

"Alinitaja?"

"Alikutaja."

"Nilitaka amuone tu. Miezi yote hii nilikuwa namwambia mtoto, ngoja, utamuona Bibi. Hata kwenye simu, baba! Hata kwenye simu tu!"

Mtoto alizidi kulia, na Zamda akawa anamtikisa ovyo kwa jinsi alivyochanganyikiwa. Bi Chausiku hakuweza kuvumilia. Akapiga magoti, akajigusa bega, akafanya mkono kama anayepigapiga mgongo, akaonyesha, akaonyesha tena, macho yamemtoka.

"Mweke begani," Mrisho akasema. "Mpigepige mgongo. Polepole."

Zamda akamweka begani. Mtoto akacheua, akanyamaza. "Umesema kama Bibi," Zamda akasema, akaanza kulia upya. Msikilizaji akakohoa kidogo. Ile sauti ya mwanamke mpole ikarudi, ikasema muda wa yatima mpya umekwisha, simu ikawa nyeusi pande zote mbili.

Bi Chausiku akaitoa kanga mdomoni. Ilikuwa imelowa.

"Kafanana na nani?" akauliza.

Mrisho akajaribu. Alitaka kumpa mama yake pua ya mtoto, paji la uso, vile vidole. "Ni mtoto tu, mama," akasema. "Mzima."

"Mweupe? Mweusi? Ana nywele?"

"Anazo."

Bi Chausiku akatikisa kichwa. Halafu akamtazama mwanawe usoni, kwa muda.

"Mrisho. Ulivyomwambia nimekufa, hata sauti haikukukwama."

"Nimeshazoea, mama."

Hapo ndipo Bi Chausiku alipojifunika kanga uso mzima akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu afariki. Alilia haja yake yote, bila kujali nani anasikia. Na Mrisho, ambaye sasa alikuwa mtu mzima kwa mujibu wa sheria, alikaa palepale mkekani, mkono umeinuka nusu, asijue kama mfiwa anaruhusiwa kumbembeleza marehemu.